Jiko la Mkaa na Amana ya Ardhi: Somo Juu ya Kuviunda Upya Vyombo Tulivyo Navyo

Ndugu msomaji, katika somo hili twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mafundi wala si la watu wa dini. Nalo ni hili: mwanadamu akiwa na chombo anachokitumia kila siku, kisha akagundua ya kwamba chombo hicho chaharibu ardhi, maji, hewa au afya ya jirani yake, yampasa afanye nini? Je, akitupe? Je, aendelee nacho kwa kuwa baba zake walikitumia? Au yako njia ya tatu, yaani kukiunda upya chombo kile kile ili kitoe manufaa yale yale pasipo madhara yale?

Hapana shaka njia hii ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Kutupa ni rahisi, na kuendelea ni rahisi zaidi. Kuunda upya kwataka subira, kipimo, na kumsikiliza mtumiaji. Ili somo lisiwe maneno matupu, tutachukua mfano mmoja ulio karibu sana nasi, yaani jiko la mkaa, na tutaueleza kwa urefu. Halafu tutautazama kwa ufupi mfano mwingine wa nchi za mbali, yaani friji, ili tupate onyo. Mwishoni tutajibu maswali ambayo huulizwa na wale wanaoanza kuichunguza dini.

1. MSINGI WA SOMO

Islam haimfundishi mwanadamu kuwa yeye ndiye mmiliki wa ardhi. Ardhi ni mali ya Mwenyezi Mungu, nasi tumekabidhiwa tuitumie kama mtu akabidhiwavyo amana. Mwenye kukabidhiwa amana ana ruhusa ya kuitumia kwa kadiri aliyopewa, lakini ataulizwa juu yake siku ya kuirudisha.

Katika sura Al-A'raf (7:32) Kurani Tukufu yaruhusu kula na kunywa, na papo hapo yakataza israfu. Yafaa izingatiwe sana namna mambo haya mawili yalivyowekwa pamoja. Ruhusa haikutolewa peke yake, wala katazo halikutolewa peke yake. Kadhalika katika sura Ar-Rahman (55:8-10) yatajwa mizani iliyowekwa katika maumbile, na mwanadamu aonywa asiivuke wala asiipunguze. Watu wengi hufahamu mizani kuwa ni ile ya dukani tu. Naam, hiyo imo. Lakini mti uliokatwa bila mwingine kupandwa nao ni mizani iliyopunguzwa, na moshi uliojazwa katika kifua cha mtoto ni mizani iliyovukwa.

Na Mtume Mtukufu s.a.w. alitufundisha jambo hili kwa mwenendo wake. Imepokewa kwa Anas r.a. ya kwamba alikuwa akitawadha kwa maji ya kiasi cha mudi moja, kiasi ambacho kwa vipimo vya leo hakifiki lita moja. Zingatia: udhu ni ibada, tena ni sharti la sala, hata hivyo ibada yenyewe haikufanywa kuwa udhuru wa kumwaga maji. Basi ikiwa katika ibada hapana ruhusa ya kupoteza, katika kupika maharage itapatikana wapi?

2. JIKO LA ZAMANI NA KASORO YAKE

Jiko la bati lajulikana na kila msomaji wetu wa Afrika Mashariki. Yasemwa ya kwamba liliingia Kenya pamoja na vibarua wa Kihindi waliojenga reli mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ni chombo chepesi, fundi hukitengeneza kwa bati la pipa kuukuu, na bei yake ni nafuu. Juu hukaa makaa, katikati pana sahani yenye matundu, chini hushuka majivu, na ubavuni pana mlango mdogo wa kuingizia hewa.

Kasoro yake iko wapi? Iko katika bati lenyewe. Bati hupitisha joto upesi. Makaa yanapowaka, joto halipandi kwenye sufuria peke yake. Sehemu kubwa hutoka ubavuni na kupotea hewani. Ndiyo sababu mpishi husogea nyuma uso ukimwungua, na mtoto akiligusa jiko huungua mkono. Joto hilo linalomwunguza mpishi limenunuliwa kwa fedha, tena limetokana na mti, nalo halikuivisha chochote. Wachunguzi waliopima walikuta ya kwamba katika jiko la namna hii ni sehemu 10 hadi 20 tu katika kila sehemu 100 za joto zinazofika kwenye chungu. Zilizobaki ni hasara.

Wala hasara haianzi jikoni. Mkaa hutengenezwa kwa kuchoma kuni katika tanuri la udongo porini, na katika tanuri la kienyeji zahitajiwa kilo 5 mpaka 10 za kuni ili ipatikane kilo moja ya mkaa. Yaani zaidi ya nusu ya nguvu iliyokuwa katika mti huwa imekwisha kupotea kabla gunia halijapakiwa kwenye lori. Kisha huja jiko la bati na kupoteza sehemu kubwa ya kile kilichosalia. Mtu akifanya hesabu yote, toka shina la mti hata kwenye sufuria, ataona ya kwamba kinachomfikia ni kidogo mno kulinganisha na kilichokatwa.

3. JINSI JIKO LILIVYOUNDWA UPYA

Mwezi wa Agosti mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa mjini Nairobi juu ya nishati mpya na zile zinazoweza kurudishwa upya. Katika siku hizo Wizara ya Nishati ya Kenya, kwa msaada wa Marekani, ilianzisha mradi ambao mojawapo ya kazi zake ilikuwa kulitazama upya jiko la mkaa. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwa Maxwell Kinyanjui, na chama cha KENGO kilisaidia sana katika kuwafundisha mafundi na kulieneza jiko hilo.

Wataalamu walilitazama jiko la Thailand, ambalo ni ndoo ya bati yenye chombo cha udongo uliochomwa ndani yake. Udongo uliochomwa ni kinyume cha bati: haupitishi joto upesi. Makaa yakikaa ndani ya udongo, joto hubaki ndani na kupanda juu kwenye sufuria. Lakini ndoo ile ni nzito, na haikuwa chombo kilichozoeleka katika nyumba za Kenya.

Basi hapa ndipo lilipo fundisho la kwanza. Hawakusema, “Acheni jiko lenu, chukueni la Thailand.” Wala hawakusema, “Jiko letu ni letu, hatutaki la wageni.” Walichukua hekima ya udongo kutoka kule, wakaitia katika jiko la bati ambalo mpishi wa Kenya alikwisha kulijua. Umbo likawa kama ngoma iliyobanwa kiunoni: juu pana, katikati pembamba, chini pana. Sehemu ya juu, penye makaa, ikawekwa bitana ya udongo uliochomwa, ambayo kitako chake kina matundu ya kupitisha hewa na kuangusha majivu. Sehemu ya chini ikaachwa bati tupu, kwa kuwa hapo hapana makaa ya kuhifadhiwa joto lake, bali pana majivu na hewa tu. Kwa hiyo jiko halikuwa zito kupita kiasi. Na kitako kile kipana huliwezesha kusimama imara mpishi anaposonga ugali kwa nguvu. Mafiga matatu ya kubebea sufuria, mikono miwili ya kulibebea, na mlango wa hewa, yote yalibaki kama watu walivyoyazoea.

Msomaji aone ya kwamba mpishi hakulazimishwa kujifunza upishi mpya. Hununua mkaa ule ule, hutumia sufuria ile ile, hupika chakula kile kile. Kilichobadilika ni mahali joto linapokwenda. Hii ndiyo maana hasa ya kukiunda chombo upya.

4. HESABU YA FAIDA

Jiko hilo likitengenezwa vizuri, sehemu 25 hadi 40 katika 100 za joto hufika kwenye sufuria. Wachunguzi wa miaka ya 1980 walipima matumizi ya mkaa katika nyumba za watu, wakakuta ya kwamba kwa kila mtu matumizi yalishuka kutoka kilo 0.67 kwa siku mpaka kilo 0.39.

Tufanye hesabu pamoja. Tofauti ni kilo 0.28 kwa mtu mmoja kwa siku. Katika nyumba ya watu 6, hiyo ni kilo 1.68 kila siku. Kwa siku 365 zapatikana kilo 613, yaani magunia 12 ya kilo 50 na zaidi kidogo. Na tukichukua kwamba kilo moja ya mkaa imekula kilo 7 za kuni, basi nyumba hiyo moja imeziacha porini tani 4 za kuni na ziada kwa mwaka mmoja. Hayo yamefanyika pasipo mtu kulala na njaa wala kula chakula kibichi.

Kufikia mwaka 1995 majiko ya namna hii yaliyokuwa yakitumika nchini Kenya yalizidi 700,000, na zaidi ya nusu ya nyumba za mijini zilikuwa nayo. Mfano huo ulivuka mipaka. Tanzania iliupokea mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la Jiko Bora, na katika Rwanda majiko ya namna hiyo yaliitwa Rondereza, jina lenye maana ya kubana matumizi.

5. MAFUNDI, BEI NA UAMINIFU

Hapo mwanzo jiko jipya liliuzwa ghali, kama dola 15 za Kimarekani, bei ambayo mtu wa kipato cha chini hakuiweza. Ikiwa mambo yangebaki hivyo, chombo kingekuwa pambo la wenye nacho, na misitu ingeendelea kukatwa. Lakini umbo la jiko halikufungiwa kwa mtu mmoja. Mafundi wa jua kali, kama wale wa Shauri Moyo mjini Nairobi, walilitazama, wakaliiga, wakashindana, na bei ikashuka hata ikawa dola chache tu. Wafinyanzi wakafinyanga bitana, mafundi wa bati wakakunja bati, wengine wakaunganisha kwa saruji, na wachuuzi wakauza. Chombo kimoja kikalisha nyumba nyingi.

Hata hivyo palitokea na ubaya. Palipo na kuiga hapakosi hila. Wako waliofinyanga kwa udongo usiofaa au wakauchoma upesi upesi, bitana ikapasuka baada ya muda mfupi. Wako waliotumia bati jembamba mno. Kwa macho majiko yote yalifanana, yakapakwa rangi moja, na mnunuzi hakuwa na njia ya kutambua mpaka alipokwisha kulipa.

Hapa dini haiwezi kunyamaza. Mtume Mtukufu s.a.w. alipopita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka na kukuta chini ni majimaji, alimkemea muuzaji kwa kuficha kasoro, akabainisha ya kwamba mwenye kughushi si katika kundi lake. Fundi anayeuza jiko la kupasuka kwa jina la jiko bora amefanya makosa matatu kwa mara moja. Amekula fedha ya mtu bila haki. Amesababisha miti ikatwe ambayo ingesalimika. Na kosa la tatu ni kubwa zaidi: amewafanya watu wauchukie ujuzi mwema, kwa maana jirani ataona jiko lililopasuka na kusema, “Hayo majiko mapya ni upuuzi.” Mwenye kuharibu sifa ya jambo la heri huwazuilia wengine heri hiyo.

6. ONYO KUTOKA KWENYE FRIJI

Mtu asidhani ya kwamba kila kilichoundwa upya kimekuwa chema. Tuutazame mfano wa friji.

Friji za kwanza za majumbani zilipoza kwa hewa zenye sumu, kama vile amonia na dioksidi ya salfa. Mrija ulipovuja, watu waliweza kudhurika hata kufa. Basi kati ya mwaka 1928 na 1930 mtaalamu wa Marekani, Thomas Midgley, pamoja na wenzake, walivumbua hewa za namna nyingine ziitwazo klorofluorokaboni. Hazikuwaka moto wala hazikumdhuru aliyezivuta. Watu wakafurahi, na kwa haki, kwa sababu hatari iliyokuwa nyumbani iliondoka.

Lakini hewa hizo zilipotoka hazikupotea. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza ya kwamba zapanda mpaka juu sana angani, na huko hulivunja tabaka la ozoni linaloikinga ardhi na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1985 wachunguzi wa Uingereza walitangaza ya kwamba tabaka hilo lilikuwa limepungua mno juu ya Antaktika. Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yakatia sahihi mapatano ya Montreal ya kuziondoa hewa hizo. Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1995.

Je, kisa kiliishia hapo? La. Hewa zilizoletwa badala yake, haidrofluorokaboni, hazilivunji tabaka la ozoni, lakini nyingi katika hizo huzuia joto la ardhi lisitoke, na nyingine huzidi hewa ya kaboni dioksidi zaidi ya mara elfu moja kwa uzito ule ule. Ikabidi mataifa yakutane tena mjini Kigali, na tarehe 15 Oktoba 2016 yakapatana kuzipunguza nazo. Hali huko Ujerumani tangu mwaka 1993 friji za nyumbani zilikwisha kuanza kuuzwa zinazopoza kwa isobutane, hewa isiyoharibu ozoni na yenye joto dogo sana kwa ardhi. Hewa hiyo huwaka moto, lakini kiasi kinachowekwa ndani ya friji ni kidogo, na chombo huundwa kwa uangalifu.

Fundisho ni hili: mara ya kwanza mzigo uliondolewa kwa mwenye nyumba ukatwikwa watu wa dunia nzima. Mara ya pili ukaondolewa kwenye tabaka la ozoni ukawekwa kwenye joto la ardhi. Kanuni ya Islam ni kwamba mtu asijidhuru wala asimdhuru mwenzake. Kwa hiyo mwenye kuunda chombo upya haimtoshi kuuliza, “Je, ubaya umeondoka kwangu?” Yampasa aulize pia, “Umekwenda kwa nani?”

7. MASWALI NA MAJIBU

Swali: Dini yahusu sala, saumu na roho. Jiko na friji ni kazi ya wataalamu. Mbona mnachanganya mambo?

Jibu: Kuvumbua ni kazi ya wataalamu, na sisi hatudai kuwafundisha mafundi namna ya kukunja bati. Lakini kutumia ni kazi ya kila mtu, na matendo ya mtu yote yamo katika hesabu yake. Tena chombo kizuri chaweza kuharibiwa na mtumiaji mbaya. Fikiri juu ya mtu aliyenunua jiko lenye bitana, akaona mkaa wake sasa wadumu, kisha akasema, “Basi niliache jiko liwake mchana kutwa, kwa kuwa halili mkaa.” Mwisho wa mwezi atakuwa amenunua magunia yale yale. Jiko limefanya kazi yake, lakini moyo wa mtu huyo haukubadilika. Fundi aweza kuliunda upya jiko. Tamaa ya mtu haiwezi kuundwa upya kwa bati na udongo. Hiyo ndiyo sehemu ya dini.

Swali: Maskini afanye nini? Fedha ya jiko zuri hana, na mnamlaumu kwa kukata miti.

Jibu: Hatumlaumu. Mwenye kununua mkaa wa kopo moja kila jioni hafanyi israfu. Yeye hutafuta uji wa watoto. Tena ikilinganishwa na wanavyotumia matajiri wa dunia, sehemu yake katika uharibifu ni ndogo sana. Lakini ni yeye pia anayepata hasara kubwa zaidi kwa jiko baya, kwa kuwa hulipa kidogo kidogo bila mwisho. Shida yake ni ile fedha ya kutoa kwa mara moja. Hapo ndipo penye wajibu wa jirani na jumuiya. Wanawake katika miji mingi wana desturi ya kuchangiana kwa zamu. Zamu moja yaweza kuwa ya majiko. Na mwenye kutaka kutoa sadaka asidhani kwamba sadaka ni nguo na chakula tu. Jiko litakalompunguzia mjane gharama ya mkaa kila siku ni sadaka ambayo hurudiwa kila anapowasha moto.

Swali: Kwa nini tusiuache mkaa kabisa?

Jibu: Palipo na uwezo, kuuacha ni bora. Jiko zuri la mkaa ni hatua katika safari. Haifai mtu alifanye kuwa mwisho wa safari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa iliyochafuliwa na moto wa kupikia na moshi wa nyumbani. Serikali ya Tanzania ilizindua mwezi wa Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, na shabaha yake ni kuwa ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 watumie nishati hiyo. Mwenye kuweza kununua gesi au kutumia jiko la umeme na afanye hivyo, wala asiseme ya kwamba chakula cha mkaa ndicho chenye ladha. Lakini kwa nyumba ambayo bado yapikia mkaa leo, kuisubirisha miaka kumi pasipo msaada wowote si huruma.

Tena kuna jambo la hatari ambalo ni lazima tulitaje wazi. Jiko la bitana hupunguza mkaa, lakini haliondoi hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo hutoka katika makaa mekundu hata pasipo moshi wowote. Mtu akiliingiza jiko chumbani wakati wa baridi, akafunga mlango na dirisha akalala, aweza asiamke. Watu wamekufa kwa njia hii, familia nzima. Mtume Mtukufu s.a.w. alikataza moto usiachwe ukiwaka ndani ya nyumba watu wanapolala. Yeyote aliyedhani ya kwamba agizo hilo lilikuwa la kuepusha nyumba kuungua tu, na afahamu sasa ya kwamba lina hekima pana zaidi.

8. MAMBO MATANO YA KUPIMIA

Kutokana na mifano hii miwili, msomaji aweza kupata mizani ya kukipimia chombo chochote anachoambiwa kimetengenezwa upya ili kisiharibu mazingira, kiwe ni jiko, taa, mfuko wa kuchukulia bidhaa au mashine ya shambani.

Kwanza, je, kasoro ya chombo cha zamani ilijulikana hasa mahali ilipo? Katika jiko ilikuwa ubavuni, nako ndiko kulikowekwa udongo. Kubadili rangi na jina pekee si kuunda upya.

Pili, je, manufaa yamepimwa, au yamesifiwa tu? Kilo 0.67 na kilo 0.39 ni kipimo. “Chafaa sana” ni sifa ya muuzaji.

Tatu, je, mtumiaji amefikiriwa? Chombo kisichosimama imara wakati wa kusonga ugali kitawekwa pembeni, hata kiwe na elimu gani ndani yake.

Nne, je, ubaya umeondolewa au umehamishwa kwa mwingine, kama ulivyohamishwa katika friji?

Tano, je, chaweza kutengenezwa kikiharibika, na maskini aweza kukipata? Bitana ikipasuka, yaweza kutolewa na kutiwa nyingine, na bati likaendelea kutumika. Imepokewa kwa Bibi Aisha r.a. ya kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwa akishona viatu vyake na nguo zake mwenyewe. Kutengeneza kilichoharibika badala ya kukitupa si alama ya unyonge.

ZOEZI LA MWEZI HUU

Twamwomba kila msomaji apikiaye mkaa afanye jambo hili. Kwa siku 7 apime mkaa anaoutia jikoni kila siku, kwa mizani ya dukani au kwa kopo moja lisilobadilika, na aandike. Juma la pili afanye mambo matatu: afunike sufuria, aloweke maharage tangu usiku, na afunge mlango wa hewa mara chakula kinapoanza kuchemka taratibu. Apime tena. Halafu afanye hesabu kwa bei ya mkaa ya mtaani kwake, na aone ni muda gani fedha iliyookolewa yaweza kutosha kununua jiko lenye bitana nzuri. Asiyepikia mkaa na achague chombo kingine kimoja nyumbani mwake, akipime kwa mambo matano tuliyoyataja.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha ya kwamba hata mtu akikutwa na Saa ya mwisho hali mkononi mwake ana mche, na aupande akiweza. Mafunzo haya yatosha kumjibu yule asemaye, “Miti imekwisha, dunia imekwisha haribika, jiko langu moja litasaidia nini?” Hatukuulizwa kama tumeiokoa dunia yote. Tutaulizwa juu ya amana tuliyopewa mikononi mwetu: mkaa huu, maji haya, mti huu ulio nyuma ya nyumba, na kifua cha mtoto huyu alalaye karibu na moto.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa watumiaji waaminifu wa neema Zake, awape mafundi wetu ujuzi pamoja na uaminifu, awape wenye mali moyo wa kuwasaidia majirani zao, na atuepushe na israfu iliyo dhahiri na iliyofichika. Amin.